Mjomba Kwenye Kisiwa cha Mazombi

Mjomba wangu anafanya kazi kwenye tishari. Tishari ni chombo kipana cha chuma kinachosukumwa na boti ya injini, nacho hubeba mahindi, saruji, mafuta ya kupikia na watu kutoka bandari ya Juba kwenda kaskazini, Bor, Malakal na mbele zaidi. Kazi yake ni kusimama mbele kabisa na mti mrefu uliopakwa alama za rangi, kuuzamisha majini, na kumpigia nahodha kelele kumwambia kina kimebaki kiasi gani. Ndiyo maana hajui kusema polepole. Hata akiomba chumvi wakati wa kula, utadhani tishari linakwama.

Mimi sauti yangu ni ndogo. Mama husema ukoo wetu ulipewa sauti moja na mjomba akaichukua yote, mimi nikaachiwa masikio.

Nilisoma hadi darasa la saba kwenye kambi ya wakimbizi, Uganda, kisha tukarudi Juba. Sasa nina kibanda cha kuchaji simu Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya mto, karibu na daraja. Kimepakana na mahali mama anapouzia posho, yaani ugali, na maharage kwa madereva wa malori na wabeba mizigo. Juu ya bati ziko paneli za sola. Ndani kuna betri, rafu ya simu za watu, na kompyuta kuukuu ninayowawekea wateja nyimbo kwenye kadi zao. Nakipenda kibanda hiki. Napenda taa ndogo za simu zinavyowaka zote pamoja, nyekundu na kijani, na napenda kwamba mtu anaweza kuniachia simu yake, akaenda zake, bila kunilazimisha kuzungumza.

Kompyuta niliinunua kwa Mganda mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ndani yake alisahau mchezo. Katika mchezo huo wewe ni mtu anayezinduka ufukweni, kwenye kisiwa ambacho watu wake wote wamekuwa mazombi. Huna ramani. Unatafuta chakula, maji na mahali pa kulala, na ukiumwa ukafa, kila ulichokusanya kimekwenda, unaanza upya na shati tu. Nilikuwa nacheza mchana, saa saba hivi, jua linapokuwa limeshibisha betri na madereva wamelala chini ya malori yao.

Mvua zilipokuwa zinaishia, mjomba alikuja nyumbani na habari njema. Njema kwake. Kijana aliyekuwa akifunga kamba kwenye tishari lao alikuwa ameacha kazi, na yeye alikuwa amemwomba nahodha nafasi hiyo iwe yangu.

"Nahodha amekubali!" alisema, na majirani wote wakajua. "Tishari likijaa tu, tunaondoka wote. Mpwa wangu atauona mto mpaka mwisho wake."

Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Nilisema kama mtu anavyoitikia salamu. Yeye aliisikia kama jibu.

Sikutaka kwenda. Niliwahi kupanda tishari hilo mara moja, likiwa limefungwa bandarini, nimempelekea chakula. Chuma kilisogea kidogo chini ya miguu yangu, kidogo sana, nami nikashika kamba iliyokuwa karibu. Watu walikuwa kila mahali, wakipita karibu sana, wakiitana, na hapakuwa na mlango hata mmoja wa kuingia ukajifungia. Lakini ningemwambiaje? Baba yangu alipofariki, mjomba ndiye aliyetubeba. Nguo zangu za shule alizileta yeye, kutoka mbali, zikiwa zimelowa harufu ya dizeli. Nilizivaa hivyo hivyo na nilizipenda.

Mzigo ulichelewa. Saruji haikuja, halafu ilikuja saruji lakini mafuta ya injini hayakuja. Basi kila siku mjomba alivuka daraja, akavuta kigoda, akakaa kibandani kwangu akisubiri. Kila siku nilijiambia, leo nitamwambia. Halafu jua lilipanda, betri ikajaa, nami nikawasha kompyuta ili nisiseme.

"Huyu nani?" aliuliza siku ya kwanza, akisogeza uso wake karibu na kioo cha kompyuta.

"Ni mimi, mjomba."

"Mbona mweupe?"

"Ndivyo alivyokuja."

"Na hao? Mbona wanatembea kama walevi wa pombe ya siko?"

"Ni mazombi. Wakikuuma umekwisha."

"Walevi wa siko nao hivyo hivyo." Akagusa kioo kwa kidole. "Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Na nyuma ya ule mlima kuna nini?"

"Sijui."

"Na hii njia inafika wapi?"

"Sijui, mjomba."

"Aa! Tangu kiangazi! Mtu amekaa nchi ya watu tangu kiangazi na anajua jiko tu!"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na kibanda kimoja cha wavuvi na nyumba tatu za mbao, na sikuwahi kwenda mbali zaidi. Tangu tuliporudi kutoka Uganda nilifundishwa kwamba porini haingii mtu mahali pasipo na nyayo za watu au za ng'ombe, kwa sababu ya mabomu ya kutegwa yaliyobaki ardhini. Najua mchezo ni mchezo. Lakini kila nilipotaka kumwelekeza yule mtu kwenye majani marefu, kidole changu kilikataa chenyewe.

Mjomba hakuona mlima wala majani. Aliona maji.

"Kumbe kuna mto! Sasa unapoteaje? Mwenye mto hapotei."

"Hii ni bahari, mjomba. Hapa ni kisiwani."

"Visiwa unanifundisha mimi? Nimelala juu ya visiwa. Unakiona jioni hapa, asubuhi kimehamia kule." Alikuwa anasema visiwa vya mafunjo, vile vinavyokatika na kuelea huko kwenye mabwawa makubwa ya kaskazini. Bahari hakuwahi kuiona. Mimi pia sijawahi, ila kwenye picha, kwa hiyo sikubishana sana. "Tupa kijiti majini. Tuone mkondo unakwenda upande gani."

Nikatupa kijiti. Kilielea pale pale kilipoanguka, karibu na jiwe jeusi.

"Subiri," mjomba alisema. "Mto mkubwa hauna haraka."

Tukasubiri. Tulikuwa tumekodolea macho kijiti kile, mjomba ameshika goti langu, hata hatukusikia zombi akija kwa nyuma. Tulimwona mkono tu.

"Nyuma! Nyuma! Geuka! Piga!"

Mama alitoka mbio na mwiko mkononi, unadondosha posho. Dereva mmoja aligonga kichwa chini ya lori lake. Mimi nilikuwa nimeshampiga zombi kwa shoka, yuko chini, na mjomba amesimama juu ya kigoda.

"Nani amekufa?" mama aliuliza.

"Hakuna," mjomba alisema. "Alitaka kumuuma mtoto wako, nikamwona."

Mama akatuangalia mmoja mmoja, akarudi kwenye sufuria yake.

Kijiti kilikuwa bado karibu na jiwe. Mjomba akaamua kwamba waliotengeneza mchezo hawajui maji, na kwamba tutatumia akili. Mto unakwenda kaskazini, hilo kila mtu anajua. Jua la asubuhi lichomoze kulia kwetu, maji yawe kushoto, tusiuache ukingo, na tutafika bandarini. Kila mto una bandari. Penye bandari hapakosi boti, na penye boti hapakosi chai.

"Ni kama tuko upande huu wetu wa Sherikat," alisema. "Tutaliona daraja."

Basi mchana ule na michana iliyofuata tulitembea. Na nitasema ukweli, sijawahi kucheza vizuri hivyo. Nikiwa peke yangu niliona nyumba, makopo na mazombi. Mjomba aliona watu waliokuwa wakiishi pale. Tulipokuta lori limepinduka kando ya njia, na makopo ya maharage yamemwagika, mimi nilikimbilia makopo. Yeye alisema, "Maskini dereva. Hebu angalia mlango wake. Uko wazi? Basi alitoka." Alifurahi kweli kwamba alitoka. Tulipofika kwenye kizuizi cha magunia ya mchanga, chenye mazombi wa askari waliovaa kofia za chuma, alinikataza kusogea.

"Zunguka. Zunguka kwa mbali."

"Naweza kuwapiga, mjomba."

"Hao hata wamekufa wataomba kitu. Zunguka."

Kiu ilipomshika yule mtu wetu nilimwambia mjomba maji haya hayanyweki, yana chumvi. Akacheka mpaka akakohoa. "Chumvi! Nani ametia chumvi mto mzima?" Tukanywa maji ya mvua kwenye pipa la kanisa. Mjomba alitaka kwanza tuingie ndani tuone mabenchi. Yalikuwa mazuri, yamepangwa. Akasema tusichukue chochote humo, na hatukuchukua, ingawa niliona kiberiti.

Jua lilitusumbua. Siku ya kwanza lilichomoza kulia, sawasawa. Baadaye likawa linachomoza mbele yetu. Halafu kushoto, juu ya maji.

"Mjomba, jua limehama."

"Mto umepinda. Mto hupinda, mpwa. Kule mbele ya Bor unapinda mpaka moshi wa boti yako unauona mbele yako mwenyewe."

"Lakini maji bado yako kushoto."

"Si ndiyo vizuri? Hatujauacha."

Wakati huo wote alikuwa akinisimulia tishari. Utakula samaki, alisema, samaki mpaka uwachukie. Nitakuonyesha mahali viboko wanapolala. Utajifunza kamba, mimi nitakuonyesha fundo ambalo hata nahodha halijui. Nilimsikiliza na kumpenda. Siku moja nilijikaza.

"Mjomba."

"Eeh!"

Nikaangalia kioo. "Tupite juu ya mawe haya au tuzunguke?"

"Zunguka," alisema.

Saruji ilijaa. Mafuta ya injini yakaja. Mjomba alifika mchana akiwa amevaa shati safi, akasema keshokutwa tishari linaondoka, na leo lazima tuione hiyo bandari. Nilicheza kwa haraka kuliko kawaida yangu. Jua la kisiwani lilikuwa limeturudia kulia, na mjomba alikuwa anasugua mikono. "Unaona? Mto umenyooka. Tumekaribia."

Mbele kukatokea kibanda cha wavuvi. Halafu nyumba tatu za mbao. Mjomba alisimama.

"Watu! Si nilikuambia? Kijiji!"

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilimpeleka yule mtu wetu taratibu hadi majini, nikasimama karibu na jiwe jeusi. Kijiti kilikuwa pale, kinaelea.

Mjomba alikaa. Alikiangalia kijiti kile, akakifuta kioo kwa kiganja.

"Ni kijiti chetu," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Ndiyo, mjomba."

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Hayatoki mahali. Yamekizunguka kisiwa."

"Na yanakwenda wapi?"

"Hayaendi."

Akafikiri. "Panda mlima," alisema.

"Hakuna njia, mjomba. Ni majani tu."

"Mpwa wangu. Waliotengeneza hii hawajui vita vyetu. Hawakutega kitu. Panda."

Nikapanda. Majani yalifika kiunoni mwa yule mtu, na vidole vyangu vilikuwa vimelowa jasho kwenye vitufe. Mjomba alikuwa ameweka mkono mgongoni kwangu, hasukumi, ameuweka tu. Tulifika juu. Nilimgeuza yule mtu polepole, pande zote. Chini tuliliona kanisa, lori lililopinduka, kizuizi, vyote vidogo, na nyuma ya vyote maji ya buluu mpaka mwisho wa kioo. Kilikuwa kisiwa kizuri. Tangu kiangazi nilikuwa nakaa mahali pazuri namna ile bila kujua.

"Yesu wangu," mjomba alisema. "Ukiniacha hapa nitakufa. Si kwa mazombi. Maji yote haya, na hata tone halikupeleki mahali. Mtu anakaaje?"

Nikasema, "Hivyo ndivyo ninavyojisikia kwenye tishari, mjomba."

Injini zimemharibu masikio. "Nini?"

Mara ya kwanza neno lilitoka lenyewe. Mara ya pili ilibidi nilitoe mimi.

"Sitaki kupanda tishari. Nataka kubaki hapa kibandani. Samahani, mjomba."

Alilisikia, maana kigoda kililia. Alisimama, akakichukua, akakiweka nje ukutani anapokiweka mama.

"Nilimwangukia nahodha miguuni," alisema.

"Najua."

"Na wewe unaniambia tukiwa juu ya mlima wa kompyuta."

Akaenda zake. Nilimwona akipanda daraja kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwa zinampigia honi.

Kesho yake hakuja. Sikuwasha mchezo. Nilichaji simu, niliweka nyimbo, na kila kivuli kilichopita mlangoni kilinifanya ninyanyue kichwa. Mama aliniletea chakula akasimama pale.

"Umemwambia?"

"Kumbe ulijua?"

"Mimi nimekuzaa. Umemwambia kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo."

"Basi. Muache ale hasira zake. Zikiisha atakuja kula maharage."

Keshokutwa ilifika, lakini tishari halikuondoka. Tishari haliondoki siku iliyosemwa. Mchana kigoda kilivutwa ndani na mjomba akakaa, bila salamu, akikiangalia kioo cheusi.

"Yule mtu wetu bado yuko mlimani?"

"Yuko pale pale."

"Umemwacha na baridi? Washa."

Nikawasha. Akanisukuma kidogo kwa bega, akaweka vidole vyake vinene kwenye vitufe. Alimgongesha yule mtu kwenye mti, akamrudisha nyuma, akamgongesha tena kwenye mti ule ule.

"Anashuka vipi huyu?"

Nikamwonyesha. Nilishika kidole chake nikakiweka kwenye kitufe cha mbele, kama yeye alivyowahi kushika changu kwenye penseli. Akashuka mlima upande wa pili, ambao sote wawili hatukuwa tumeukanyaga, akiongea na yule mtu njia nzima: pole pole, baba, hapo pana shimo, usikimbie. Chini tulikuta bustani ya nyanya imeachwa. Alifurahi kama nyanya zake mwenyewe.

"Nahodha amepata kijana mwingine," alisema, macho kwenye nyanya. "Mtoto wa jirani yake. Mrefu kama nguzo ya umeme, na kamba hajui. Lakini ana sauti."

"Utamfundisha fundo lako?"

"Nitaona tabia yake kwanza." Akachuma nyanya moja, akashindwa kujua aiweke wapi, nikamsaidia. "Wewe ungesema mapema, mpwa. Mimi nilidhani unanyamaza kwa furaha."

Tishari liliondoka asubuhi moja yenye ukungu kidogo. Nilifunga kibanda, nikavuka daraja na kwenda bandarini kumsindikiza, nikiwa nimebeba chapati za mama. Palikuwa na watu wengi kama kawaida, wanawake na mabeseni yao, askari, mbuzi, abiria waliokalia magunia. Nilimpa chapati zake, akanikumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika ule mti wake, akaruka juu ya sitaha. Kijana mrefu alikuwa anahangaika na kamba. Boti ikaunguruma, maji yakachafuka, na chuma kile chote kikaanza kuachana na ukingo.

Mjomba alisimama mbele, mahali pake. Akageuka, akanitafuta katika watu, akaniona.

"Mpwa!" Bandari nzima iligeuka. "Nikirudi nataka nikute umejenga nyumba kule kisiwani! Nyumba ya watu wawili! Na choo!"

Watu walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai aliniuliza nina shamba kisiwa gani. Uso ulinichoma na nilitaka kuondoka. Lakini alikuwa anazidi kwenda mbali, na kulikuwa na jambo nililohitaji kujua kabla sijaanza kukata mbao.

"Mlango uelekee wapi?" niliuliza.

Aliweka mkono sikioni.

Nikavuta pumzi. "Mlango, mjomba!" nilipiga kelele, kwa nguvu zangu zote, mpaka mbuzi mmoja akaruka. "Mlango wa nyumba! Uelekee wapi?"

Safari hii alisikia. Akauinua mti wake wa alama kwa mikono yote miwili, na akaunyoosha kuelekea majini.